Tony Stewart 2011: mbio 26 mikono mitupu, mbio 10 ushindi mara 5. Tuufungue msimu huu kama injini

Kabureta (mwanzisha uzi)

Wakuu, kila NASCAR (mbio za magari za Marekani, nyingi kwenye viwanja vya ovali) ikitajwa humu hakosi mtu wa kusema "si kuzunguka kushoto tu?" Sawa. Leo tuchukue dereva mmoja na msimu mmoja, tuone huko kushoto kuna nini.

Tony Stewart, mzaliwa wa Columbus, Indiana, 1971. Kabla ya NASCAR alipitia magari madogo ya vumbi, na 1995 akabeba mataji matatu ya USAC (chama cha mbio cha Marekani) kwa mwaka mmoja: midget, sprint na Silver Crown. Kisha akawa bingwa wa IndyCar za IRL msimu wa 1996-97. Akaingia Cup, ligi kuu ya NASCAR, 1999 na timu ya Joe Gibbs Racing, gari namba 20, akashinda mara 3 akiwa mgeni na kumaliza wa 4 kwa alama. Ubingwa 2002, ubingwa tena 2005. Mwaka 2001 alikimbia Indianapolis 500 mchana na Charlotte 600 usiku, maili 1,100 kwa siku moja bila kuacha mzunguko hata mmoja: wa 6 kule, wa 3 huku.

2009 akahama Gibbs akawa mmiliki mwenza wa Stewart-Haas, namba 14, injini na chasisi kutoka Hendrick. Yaani anaendesha, na mishahara ya watu pia iko mikononi mwake.

Sasa 2011. Mbio 26 za kawaida: ushindi sifuri. Nafasi tano za juu mara tatu tu. Mwezi Agosti, kule Michigan, aliwaambia waandishi waziwazi kwamba hata wakiingia mchujo (mbio 10 za mwisho za kuwania ubingwa) watakuwa wanaziba nafasi ya mtu anayestahili zaidi. Akaingia, akiwa wa 9. Kisha akashinda Chicagoland, New Hampshire, Martinsville, Texas na Homestead, akawa bingwa kwa alama sawasawa na Carl Edwards, 2,403 kwa 2,403. Kabla ya hapo, kwenye historia ya Cup haikuwahi kutokea sare ya ubingwa.

Hoja yangu: haikuwa bahati. Ilikuwa mafuta, spana na hesabu. Karibuni.

---

MgeniWaOvali

Mkuu Kabureta, mimi wa rally, ovali sizijui. Mtu asiyeshinda hata mara moja anaingiaje mchujo? Na wakifungana, nani anaamua?

---

Kabureta

Mkuu, 2011 walibadilisha mfumo wa alama ukawa rahisi. Magari 43. Wa mwisho anapata 1, wa kwanza 43, kila nafasi alama moja. Mshindi anaongezewa 3. Ukiongoza mzunguko hata mmoja, 1. Ukiongoza mingi kuliko wote, 1 nyingine. Kwa hiyo ushindi ni 47 au 48.

Mchujo ulikuwa na watu 12: kumi wa juu kwa alama, na wawili wa nyongeza kwa ushindi. Mwenye alama za kutosha anaingia hata kama hajashinda. Wote wanarudishwa 2,000, na kila ushindi wa msimu unawapa wale kumi wa juu 3 za kuanzia. Kyle Busch na Kevin Harvick walianza na 2,012. Edwards 2,003, alikuwa ameshinda Las Vegas. Stewart 2,000 kavu.

Hizi hapa nafasi zao, mbio kumi kwa mpangilio (Chicagoland, New Hampshire, Dover, Kansas, Charlotte, Talladega, Martinsville, Texas, Phoenix, Homestead):

Stewart: 1, 1, 25, 15, 8, 7, 1, 1, 3, 1
Edwards: 4, 8, 3, 5, 3, 11, 9, 2, 2, 2

Wastani wa Edwards 4.9. Wa Stewart 6.3. Kwa nafasi peke yake Edwards ana 391, Stewart 377. Edwards mbele kwa 14! Sasa weka za ziada: Stewart 15 za ushindi na 11 za kuongoza, jumla 403. Edwards 9 za kuongoza, jumla 400. Ongeza zile 3 za Las Vegas za Edwards, mnafungana.

Wakifungana, anayehesabiwa ushindi mwingi wa msimu ndiye bingwa. Tano kwa moja. Mjadala umeisha.

---

MzeeWaSpringi

Haujaisha hata kidogo, lakini nitakuachia hesabu. Mimi nizungumzie chuma.

Watu wanadhani gari la kushinda New Hampshire Septemba lilikuwa jipya kimiujiza. Julai, uwanja uleule, Stewart alimaliza wa 2 nyuma ya Ryan Newman wa timu yake mwenyewe. Machi pale Las Vegas aliongoza mizunguko 163 kati ya 267 na bado akashindwa. Sababu? Alitoka piti (pembeni wanakobadilisha tairi na kujaza mafuta) akiburuta mpira wa upepo wa bunduki ya nati. Sheria hairuhusu kutoka na kifaa chochote cha timu, adhabu ni kupita piti nzima kwa mwendo wa piti huku wenzako wanakimbia. Baada ya hapo mpangilio wao wa tairi ukavurugika hadi mwisho, akawa wa 2. Na mshindi siku hiyo alikuwa nani? Edwards. Ule mpira wa upepo ndio uliompa Edwards ushindi wake pekee wa 2011.

Kwa hiyo kasi ilikuwepo kwa vipande. Kilichokosekana ni gari linalotulia mwanzo hadi mwisho wa mbio. Kwa wageni: gari la ovali lina magonjwa mawili. La kwanza, mbele inagoma, unakata usukani gari linaendelea kwenda ukutani. La pili, nyuma inaponyoka, inataka kutangulia mbele. Ugonjwa unabadilika ndani ya mbio moja, kwa sababu tairi zinachoka, mafuta yanapungua nyuma ya gari (tanki likijaa ni kama kilo 50) na lami inapoa jua likizama.

Dawa wakati wa kusimama, kwa magari ya 2011, zilikuwa hizi. Fundi anaingiza spana ndefu kwenye tundu la kioo cha nyuma, anazungusha skrubu iliyo juu ya springi. Ukikaza springi ya kushoto nyuma, uzito unahamia pembe mbili zinazotazamana: kushoto nyuma na kulia mbele. Nyuma inatulia, ila ukizidisha mbele inagoma. Ukilegeza, kinyume chake. Mzunguko mmoja wa spana dereva anausikia, na hata nusu yake. Tundu jingine ni la ule mtaimbo unaoshikilia ekseli ya nyuma isiyumbe kushoto na kulia: ukiinua, nyuma inakuwa huru zaidi. Halafu upepo wa tairi, kwa sababu tairi nayo ni springi. Nusu paundi tu inabadilisha gari.

Makosa ya kawaida ni kurekebisha vitu vitatu kwa mkupuo. Gari likipona hujui dawa ipi imeponya, likizidiwa hujui urudishe kipi.

---

Bendera_Njano

Edwards aliibiwa. Wastani 4.9 na hupewi kombe? Hiyo ligi au bahati nasibu?

---

TankiTupu

Bendera, punguza jazba mdogo wangu, tufike kwenye mafuta kwanza. Ushindi wa kwanza na wa pili wa Stewart kwenye ule mchujo ulikuwa wa mafuta, na watu wakisikia hivyo wanasema "bahati". Hapana.

Tanki la gari la Cup 2011 lilikuwa galoni 17.75, yaani lita 67 na kidogo. Zamani lilikuwa 22, wakalipunguza. Injini ilikuwa V8 ya lita 5.8 na ushee, kabureta bado (2011 ndiyo ilikuwa msimu wa mwisho wa kabureta), na ulaji wake ulikuwa kama kilomita 1.9 kwa lita. Uwanja wa maili 1.5 kama Chicagoland ni kilomita 2.4 kwa mzunguko. Piga hesabu: tanki moja ni mizunguko 53 hivi. Ukitaka kufika mizunguko 56 lazima upunguze ulaji kwa asilimia 5 au 6. Kila mzunguko wa ziada unataka lita 1.27.

Unaokoaje? Hatua kwa hatua:

Kwanza unaachia pedeli mapema. Badala ya kuingia kona na gesi mpaka mita ya mwisho, unainua mguu mapema, gari linateleza lenyewe hadi katikati ya kona. Unapoteza sekunde kidogo sana lakini kabureta haimwagi mafuta.

Pili, unapotoka kona unaikanyaga gesi polepole kama yai liko chini ya kiatu. Ukikanyaga ghafla, mafuta mengi hushuka kabla hewa haijakimbia vya kutosha.

Tatu, unajibanza nyuma ya gari la mbele. Yeye anapasua upepo, wewe unahitaji nguvu pungufu kwa kasi ileile.

Nne, wakati wa bendera ya njano (ya hatari, wote mnapunguza mwendo na hakuna kupitana) unazima injini, unaweka nyutro, unaserereka kwenye mteremko, kisha unawasha tena. Hapa ndipo wengi huharibu: injini ikizimwa, pampu ya usukani nayo inakufa, usukani unakuwa mzito kama wa lori bovu. Na ukichelewa kuwasha ukaangukia nyuma ya msafara, utakanyaga gesi kuufukuzia, ulichookoa chote kimekwenda.

Siku ya Chicagoland (ilikuwa Jumatatu, Septemba 19, Jumapili mvua iliharibu) Stewart alifanya hivyo akiwa anaongoza, huku Harvick akimpumulia nyuma. Matt Kenseth na Jimmie Johnson waliishiwa mzunguko wa mwisho. Wiki iliyofuata New Hampshire, Clint Bowyer alikuwa mbele ikiwa imebaki mizunguko miwili, tanki likakauka, Stewart akapita. Bowyer alikuwa na gari zuri zaidi. Stewart alikuwa na mafuta.

---

MgeniWaOvali

Swali la kijinga: si wangeangalia tu geji?

---

TankiTupu

Si la kijinga, mkuu. Hakuna geji ya mafuta ndani ya gari la Cup. Kuna geji ya presha ya mafuta. Tanki ni mfuko wa mpira wenye sponji ndani, na bomba la kunyonyea liko upande wa kulia nyuma, kwa sababu kona zote ni kushoto na mafuta yanasukumwa kulia. Yakikaribia kuisha, pampu inaanza kunyonya hewa, mshale wa presha unacheza. Ukiuona unacheza, una chini ya mzunguko mmoja wa kufanya uamuzi, na pengine mlango wa piti umeshaupita.

Kwa hiyo hesabu inafanywa nje. Debe la mafuta linapimwa kwenye mizani kabla ya kumwaga na baada ya kumwaga. Tofauti ya kilo ndiyo lita zilizoingia. Na 2011 kazi hiyo ilikuwa na mtego mpya: NASCAR walileta debe linalopumua lenyewe, wakamwondoa yule mtu wa kukinga mafuta yanayofurika nyuma ya gari. Kikosi cha piti kikapungua kutoka watu saba hadi sita. Zamani ukiona mafuta yanarudi kwenye kopo la kukingia, unajua tanki limejaa. Sasa hewa inarudi ndani ya debe lilelile. Mchomekaji akiliinamisha vibaya, au gari likiwa juu ya jeki upande wa kulia, hewa haitoki sawasawa na tanki linabaki pungufu lita mbili tatu. Fundi mkuu anadhani una mizunguko 53, kumbe una 51. Mafuta yenyewe yalikuwa mapya vilevile, mchanganyiko wa asilimia 15 ya ethanoli, kwa hiyo timu zote zilikuwa zinajifunza ulaji upya.

---

Kabureta

Umemaliza kila kitu mzee. Niongeze tu kwamba Dover alimaliza wa 25, Kansas wa 15. Pale watu walishamzika.

---

DadaPiti

Naomba nimlete mtu ambaye mmemsahau: Darian Grubb, fundi mkuu wa namba 14. Mwezi Oktoba, baada ya Charlotte, aliambiwa kwamba msimu ukiisha kazi hana. Mchujo ukiwa katikati! Baada ya kuambiwa hivyo matokeo ni haya: 7, 1, 1, 3, 1.

Martinsville ni uwanja wa karibu nusu maili, mizunguko 500, breki zinawaka nyekundu. Restati (kuanza upya mbio baada ya njano) ya mwishomwisho, Stewart akampita Johnson kwa upande wa nje. Waliowahi kuutazama uwanja ule wanajua upande wa nje ni makaburini, tairi hazishiki huko. Akishuka garini akamtumia Edwards salamu hadharani kwamba awe na wasiwasi. Pengo likabaki alama 8. Texas akaongoza mizunguko 173 kati ya 334, Edwards wa 2, pengo 3. Phoenix Edwards wa 2, yeye wa 3 lakini aliongoza mingi zaidi, wakatoka sawa. Pengo 3 wakaenda nalo Homestead.

Kabureta unasema mafuta na spana. Mimi naongeza mtu aliyeshika kalamu ya mafuta huku barua ya kuachishwa iko mfukoni.

---

MzeeWaSpringi

Dada Piti umesema kweli, na Homestead ndiko alikoonekana Grubb.

Novemba 20, mizunguko 267. Mapema kabisa giaboksi ya Kurt Busch ilipasuka, kipande kikaruka kikatoboa grili ya Stewart. Tundu mbele ya gari lina hasara mbili. Upepo unaingia usikotakiwa, pua inapoteza mgandamizo, mbele inagoma. Pili, rejeta iko palepale nyuma ya grili: kipande kikiigusa, maji yanamwagika na siku imekwisha.

Rejeta ilipona. Walichofanya ni kumwita piti chini ya njano, wakasafisha, wakabandika, akatoka. Akaitwa tena, wakaongeza. Siri ni hii: chini ya njano magari yote yanafuata gari la kuongoza msafara. Ukiingia piti ukafanya kazi fupifupi na kutoka kabla msafara haujakupita, hupotezi mzunguko, unapoteza nafasi tu. Ukijifanya fundi wa kumaliza yote kwa mkupuo mmoja, unaachwa mzunguko mzima, na kuurudisha ni kazi ya saa nzima. Kwa hiyo kazi inagawanywa: kusimama kwa kwanza unaondoa chuma kilichokunjika na kuangalia maji, kwa pili plasta ya mbio juu ya tundu, kwa tatu unarekebisha plasta. Na plasta nayo ina kipimo. Ukiziba grili sana, pua inashika barabara vizuri lakini joto la maji linapanda. Ukiacha wazi, injini inapoa lakini mbele inagoma.

Akarudi akiwa wa 40. Kwa hesabu iliyotangazwa siku ile, alipita magari 118 usiku mmoja. Mvua ikasimamisha mbio, wakasubiri zaidi ya saa. Kipindi cha pili Grubb akanyoosha mafuta kuliko kambi ya Edwards, na restati ya mwisho, ikiwa imebaki mizunguko 36, Stewart akakaa mbele na hakuguswa tena.

---

Kabureta

Na hesabu ya usiku ule: Stewart 43+3+1 = 47. Edwards wa 2, aliongoza mizunguko 119 ambayo ni mingi kuliko wote: 42+1+1 = 44. Tofauti 3. Pengo lilikuwa 3. Edwards alichukua kila alama iliyokuwepo kwa mtu wa pili, hakuacha hata moja mezani.

---

MgeniWaOvali

Nimeelewa wakuu, asanteni. Baada ya hapo ikawaje? Na Grubb alirudishwa?

---

DadaPiti

Hakurudishwa. 2012 akaenda Joe Gibbs kwa Denny Hamlin, wakashinda mara 5. Stewart akapewa Steve Addington, wakashinda mara 3 na kumaliza mchujo wa 9.

Halafu mteremko. Agosti 2013 alivunjika mguu wa kulia kwenye mbio za sprint huko Iowa, akakosa mbio 15 za mwisho. 2014 na 2015 hakushinda hata moja. Januari 2016 akavunjika pingili ya uti wa mgongo akiendesha gari la mchangani, akakosa mbio 8 za mwanzo. Alirudi, na Juni 26 pale Sonoma, kona ya mwisho ya mzunguko wa mwisho, Hamlin akapanua mno, Stewart akamwingilia ndani, wakagusana, akashinda. Wa 49 na wa mwisho. Akastaafu mwisho wa mwaka huo. Daytona 500 hakuwahi kuishinda.

Jambo jingine: 2011 alikuwa dereva mmiliki wa kwanza kuwa bingwa tangu Alan Kulwicki 1992.

---

Bendera_Njano

Mmeeleza vizuri lakini hamjanijibu. Mfumo ule ulitengenezwa kumbeba anayeshinda. Mwondolee zile 3 za ushindi tuone.

---

Kabureta

Nikiziondoa, Stewart anabaki na 388 kwa mbio kumi, Edwards 400. Edwards bingwa kwa 12. Hapo uko sahihi, sikatai. Na bila mchujo kabisa pia Edwards, maana katika mbio kumi zote hizo Stewart alimzidi alama 3 tu, na kabla ya hapo alikuwa nyuma yake.

Lakini wewe unataka mfumo usiopendelea mshindi, basi chukua ule wa 2010, uliotangulia huu. Mshindi 185, wa 2 170, wa 3 165, inashuka hivyo. Kuongoza 5, kuongoza mingi 5. Mchujo unaanza 5,000 na 10 kwa kila ushindi. Pitisha nafasi zilezile:

Stewart: 1,584 za nafasi, 55 za kuongoza, jumla 6,639.
Edwards: 1,565 za nafasi, 45 za kuongoza, 10 za Las Vegas, jumla 6,620.

Stewart kwa 19, bila hata kuhitaji sare.

---

Bendera_Njano

Ngoja nichukue kalamu. Hiyo Dover ya nafasi ya 25 umeiweka ngapi?

---

Kabureta

88. Hesabu polepole mkuu, kuanzia wa 12 kushuka ni tatu tatu.